Mwaka mzima na Defender kwenye mashine tatu za steshenari Mbeya: hela ya leseni nilinunulia SSD

Wadau habari za leo. Hii naiandika kwa wenye steshenari, wenye ofisi ndogo ndogo na wanafunzi wenye laptop za zamani ambao kila siku wanaulizana ivi antivirusi gani haifanyi mashine iwe nzito. Nina steshenari huku Mbeya, mitaa ya karibu na chuo, nina desktop tatu, na tangu Februari 2025 natumia Microsoft Defender peke yake, ile inayokuja na Windows yenyewe bila kulipia chochote. Kabla ya hapo nilikuwa nalipia. Nitasema wapi inanibeba na wapi inapwaya, maana ipo inapopwaya na sitaki mtu aumie kwa kunisoma nusu nusu.

Mashine zenyewe ni used, i3 jenereshen ya 4, RAM 4GB, hadi diski 500GB zile za kuzunguka, Windows 10. Yaani ni zile zile ambazo ukipita Mwanjelwa au Kabwe unazikuta kwenye kila steshenari ya pili. Kazi yake ni kutaipu, kuprinti, kuskani vyeti, kujaza maombi ya mkopo dirisha likifunguliwa, maombi ya ajira, na msimu wa ripoti za fildi na risechi ndio hapana kulala. Kwa siku napokea flashi za watu kama thelathini au arobaini, na flashi ya mwanafunzi inakuwa imeshapita steshenari nne tano kabla ya kufika kwangu.

Mwaka 2024 nililipia antivirusi moja, jina naliacha, elfu thelathini kwa mashine kwa mwaka, kwaiyo elfu tisini zote tatu. Kuzuia virusi ilizuia, hapo siilaumu. Shida ilikuwa uzito. Asubuhi nawasha mashine, napanga karatasi za fotokopi, nafagia, narudi bado Word (programu ya kutaipia) haijafunguka. Nilipima kwa simu, tangu kubonyeza swichi mpaka naweza kutaipu herufi ya kwanza ni dakika sita na sekunde kadhaa. Alafu ndani yake ilikuwa imebeba vitu ambavyo sikuviomba, kisafisha mafaili, VPN, kivinjari chake, na kila baada ya siku mbili linatokea tangazo katikati ya skrini linataka niongeze hela nipate toleo kubwa zaidi, na linatokea wakati mteja amekaa pembeni yangu anasubiri CV yake na bajaji inamngoja nje inahesabu mda.

Nikamwita fundi. Akaangalia, akasema dada hizi mashine ni za zamani haziwezi kubeba antivirusi, toa kabisa, uwe unapiga Windows upya kila baada ya miezi mitatu. Nikamsikiliza kwa mashine moja. Akatoa ile ya kulipia, na Defender nayo akaizima kwa njia zake. Kweli mashine ikawa nyepesi siku ile, na mimi nikafurahi sana. Wiki ya pili tu ikapatikana ile virusi ya shotikati, mnaijua, ukichomeka flashi mafolda yote yanageuka shotikati. Na kwa kuwa mashine ile ndio ilikuwa ya kuprintia, kila flashi iliyochomekwa pale ikaondoka nayo. Wateja wakaanza kurudi mmoja mmoja. Mzee mmoja wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) huko Mbozi alikuja na bahasha yake mkononi na orodha ya wakulima wa kahawa kwenye flashi, amepanda gari asubuhi asubuhi, akaniambia kwa upole kabisa "mwanangu, hii flashi tangu nitoke hapa kwako haifunguki". Sikumtoza hata mia siku ile na nilikaa naye mpaka tukayapata mafaili yake yote. Lakini ile sentensi imenikaa mpaka leo, kwa sababu ilikuwa kweli, ilitoka kwangu.

Kwaiyo swali langu likabadilika. Nikaacha kuuliza antivirusi ipi nyepesi nikaanza kuuliza mashine yangu inazidiwa wapi hasa. Na hapa ndipo naomba wengi msimame kidogo.

Ukifungua Task Manager (ile inayoonyesha nini kinakula mashine) wakati mashine imeganda, angalia nguzo zote, usiangalie moja. Mimi nilikuta prosesa iko asilimia ishirini na kitu, thelathini, RAM imejaa lakini bado inapumua, ila diski iko 100 kwa 100 na imekaa hapo dakika nzima. Sababu yake ni hivi, antivirusi yoyote yenye ulinzi wa muda wote inasoma kila faili kabla haijafunguka. Ukifungua Word, Word yenyewe inaita mafaili madogo madogo mengi sana, na kila moja linakaguliwa. Kwenye hadi diski ya kuzunguka kuna kisomeo kinachohama hama juu ya sahani kutafuta kila kipande, na mafaili madogo yaliyotawanyika ndio yanakitesa kuliko kitu chochote. Antivirusi inasoma, Word inasoma, apdeti za Windows nazo zinasoma, kisomeo ni kimoja. SSD, yaani diski ya chipu tupu inayowekwa badala ya hadi diski, haina kitu kinachozunguka wala kuhama, ukaguzi ule ule unapita bila wewe kuhisi.

Leseni ilipoisha sikulipa tena. Kwenye ile elfu tisini nikaenda Mwanjelwa nikanunua SSD ya 240GB elfu sabini kwa mashine ya kuprintia, na mbili zilizobaki nikaziwekea mwezi wa 6 na wa 8 kadri hela ilivyopatikana. Ile mashine ya dakika sita sasa hivi ni chini ya dakika moja, na Defender imewaka muda wote. Sijaongeza RAM. Prosesa ni ile ile. Kama una hela ya kitu kimoja tu, leseni au SSD, mimi nasema SSD, na nasema hivo nikiwa nimeshalipia vyote viwili.

Sasa Defender yenyewe.

Kwenye Windows 10 na 11 ipo tayari, hudownload kitu. Ukiweka antivirusi ya kampuni nyingine inajisogeza pembeni yenyewe, na ukiitoa hiyo nyingine inarudi kazini, ila hakikisha umeitoa vizuri maana kampuni nyingi zina kiprogramu chao maalumu cha kufutia mabaki na bila kukitumia kuna vipande vinabaki vinaendelea kula mashine. Mimi ndivyo nilivyofanya. Kuweka antivirusi mbili zenye ulinzi wa muda wote kwa pamoja msifanye jamani, kila moja inakagua faili analolishika mwenzake na mashine inakaa chini kabisa.

Kwenye Task Manager utaiona kwa jina la Antimalware Service Executable, faili lake ni MsMpEng.exe. Kwangu ikiwa imetulia inakula RAM kati ya MB 120 na 200 hivi, prosesa karibu na sifuri. Ikianza kuskani ndio inapanda. Na hapa ndipo watu wengi wanaichukia bila kujua ratiba yake. Ukaguzi wake wa kawaida unaenda na matengenezo ya Windows ambayo kwa setingi za kiwandani yamepangwa saa nane usiku. Sasa niambie steshenari gani Mbeya inaacha mashine inawaka saa nane usiku. Tunazima, tunachomoa na waya kabisa kwa kuogopa radi, hasa hii miezi ya mvua. Kazi ambayo haikufanyika usiku inatafuta nafasi mchana, ikiona mashine imetulia kidogo inaanza, na wewe ulikuwa umesimama tu unapanga karatasi kwenye fotokopi, unarudi unakuta mashine nzito.

Nilichofanya, niliingia Task Scheduler (sehemu ya Windows ya kupangia ratiba za kazi), ndani ya folda za Microsoft, Windows, mpaka Windows Defender, kuna kazi inaitwa Windows Defender Scheduled Scan, nikaipa saa yangu mwenyewe, saa moja na dakika tano asubuhi. Mda huo mimi nawasha mashine, nachemsha chai kwa sababu huku kwetu asubuhi mwezi wa 6 na wa 7 bila chai vidole havitaipu, na mpaka wateja wanaanza kuja mashine imeshamaliza. Huo ni ukaguzi wa haraka, dakika chache tu, na unapita kwenye sehemu ambazo virusi hupenda kujificha na kujiwasha. Ule mzima mzima nafanya kwa mkono Jumamosi jioni nikiwa napiga hesabu za wiki, kwenye SSD unanichukulia kama dakika arobaini. Enzi za hadi diski uliwahi kwenda masaa matatu na umeme ukakatika kabla haujaisha.

Kitu cha pili, ipo amri ya kuipunguzia kasi ya kula prosesa. Unafungua PowerShell kama Administrator unaandika Set-MpPreference -ScanAvgCPULoadFactor 20 unabonyeza Enter. Yenyewe ilikuwa 50, maana yake wakati wa ukaguzi wa ratiba ilikuwa inaruhusiwa kutumia kama nusu ya prosesa. Nilipoweka 20 ukaguzi unachelewa zaidi kuisha ila mtu anaweza kutaipu huku unaendelea. Ule unaouanzisha mwenyewe kwa mkono haifuati hicho kipimo kwaiyo msishangae Jumamosi ikipanda.

Alafu kuna sehemu ya kuruhusu folda fulani zisikaguliwe. Hii wengi wanaitumia vibaya sana, nimekuta mashine ya rafiki yangu Uyole amelitoa folda zima la Downloads na drive yote ya D kwenye ukaguzi ili mashine iwe nyepesi. Hapo ni sawa na kuzima. Mimi nimetoa folda moja tu, la programu yangu ya mauzo na stoo, ambalo hakuna mteja anayeligusa na halipokei kitu kutoka nje. Kilichosaidia zaidi ni kufuta mizigo, nilikuwa na folda la setapu za zamani, zip na ISO kama GB 60 hivi, na mafaili yaliyofungwa hivo ndio yanayoichosha antivirusi kwa sababu inabidi iyafungue ndani iyapekue. Nilihamishia kwenye diski ya nje ukaguzi ukapungua karibu nusu.

Sasa flashi, maana ndio roho ya kazi yetu. Zamani virusi vilikuwa vinajiwasha vyenyewe ukichomeka flashi, Microsoft wakaifunga ile njia ya autorun kuanzia Windows 7, ndio maana wenye virusi wakahamia kwenye shotikati, wanakutegea uibonyeze mwenyewe ukidhani ni folda lako. Defender ukichomeka flashi haikagui flashi yote papo hapo, inakagua faili pale linapoguswa. Kwaiyo sheria ya dukani kwangu, na dogo ninayefanya naye kazi anaijua, flashi ikiingia kabla ya kufungua chochote bonyeza kitufe cha kulia juu yake uchague kuskani na Microsoft Defender. Flashi ya 8GB yenye ripoti na mapicha inaisha wakati mteja bado anakueleza anataka kopi ngapi na baindingi ya rangi gani.

Na jambo ambalo nalisema kwa msisitizo. Antivirusi ikishaondoa shotikati, mafaili ya mteja yanabaki yamefichwa, kwaiyo flashi inaonekana tupu. Hapo ndipo mteja analia. Mwezi wa 7 alikuja binti wa mwaka wa tatu, risechi inakusanywa kesho yake, nikaskani, Defender ikatoa virusi, akafungua akakuta hamna kitu akaniambia "dada antivirusi yako imekula kazi yangu" na machozi yanamtoka. Haijaila. Fungua Command Prompt, angalia flashi imepewa herufi gani, kwa mfano F, andika attrib -h -r -s /s /d F:\*.* alafu Enter, subiri. Mafolda yakarudi yote, sura ya kwanza mpaka ya tano na marejeo. Alinishika mkono hakuniachia. Kila mwenye steshenari aijue hii amri kwa moyo, na kila fundi anayewaambia watu waformati flashi kwa tatizo hili aache, anafuta kazi za watu ambazo zilikuwa zipo.

Inapopwaya sasa. Kubwa kabisa ni intaneti. Defender inategemea sana kuuliza seva za Microsoft inapokutana na faili isilolijua, na vipimo vya AV-Comparatives, wale wapimaji wa antivirusi wa Austria, vinaonyesha kuwa bila intaneti uwezo wake wa kukamata unashuka kuliko washindani wengine kadhaa. Kwa mtu wa bando hili ni jambo zito. Mashine yangu inayopokea flashi lazima iwe na mtandao, zile mbili nyingine zikikosa sio mbaya sana, ila hiyo ya flashi bando likiisha naacha kupokea flashi pale mpaka niunge. Na ukiwa unatumia hotispoti ya simu alafu ukaiweka kama metered (mtandao wa kuhesabiwa data) ili kubana bando, angalia tarehe ya apdeti za virusi, zinaweza kubaki nyuma. Ingia mwenyewe kwenye Windows Security kwenye ile ngao, ubonyeze kutafuta apdeti. Mimi nafanya kila asubuhi kabla ya chai.

Pia kwa uzito, Defender sio nyepesi kuliko zote. Vipimo hivyo hivyo vya kasi mara nyingi vimeweka antivirusi za kampuni nyingine kama ESET, Kaspersky na wengine juu yake, hasa kwenye kukopi mafaili. Kwenye ulinzi AV-TEST, wapimaji wengine wa Ujerumani, imekuwa ikiipa alama za juu, 6 kwa 6 mara nyingi. Kwaiyo mtu mwenye laptop anayesafiri Tukuyu, Makete, sehemu ambazo mtandao unakuja na kuondoka, na anapokea flashi nyingi, mimi simkatazi kulipia. ESET kwa mfano ina sifa ya wepesi tangu zamani. Ila nunua toleo dogo la antivirusi tupu, yale makubwa yenye VPN na visafishaji ndio yanayoelemea mashine za RAM 4GB.

Smadav, ile antivirusi ndogo ya flashi, najua wengi mtauliza, huku kwetu kila fundi anaiweka. Ni ya Indonesia, ni nyepesi kweli na imetengenezwa kwa ajili ya flashi, lakini watengenezaji wenyewe wanaieleza kama msaidizi wa antivirusi kuu. Ukiwa nayo pamoja na Defender sawa. Ukiwa nayo peke yake na Defender umezima, mlango wa intaneti umeuacha wazi. Na toleo la bure ni kwa matumizi binafsi, kwenye biashara wanataka ile ya Pro.

Kraki nazo, yaani programu za kulipia zilizovunjwa leseni zitumike bure. Programu yoyote inayokuambia zima antivirusi kwanza ndio uinstoli, hapo umeombwa ufungue mlango kwa mtu usiyemjua. Nimekataa kazi za namna hiyo dukani, wengine walinuna wakaenda kwingine. WannaCry, ile virusi ya kufunga mafaili na kudai hela ya Mei 2017, ilipita kwenye tundu ambalo Microsoft walishaliziba tangu Machi mwaka ule ule, waliopigwa ni wale ambao mashine zao hazikuwa zimepata apdeti, na Windows nyingi za kraki apdeti zimezimwa makusudi.

Swali linalonisumbua kwa sasa ni Windows 10. Msaada wake uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Microsoft wamesema apdeti za virusi za Defender zitaendelea kuja kwenye Windows 10 mpaka angalau Oktoba 2028, lakini hizo ni za kutambua virusi, sio za kuziba matundu ya Windows yenyewe. Kwa watu binafsi upo mpango wa kuongezewa apdeti za usalama mpaka Oktoba 2026. I3 jenereshen ya 4 haimo kwenye orodha ya Windows 11, wanataka kuanzia Intel jenereshen ya 8 na TPM 2.0 (chipu ya usalama ya mashine). Mafundi wanajua njia za kulazimisha, mimi bado sijakubali kwa mashine zinazoshika vyeti vya watu na namba zao za NIDA.

Mpango wangu ni kwamba ile ya flashi ndio ya kwanza kubadilishwa, naangalia used ya jenereshen ya 8, RAM 8GB, na SSD niliyonayo nitahamishia humo. Hela naiweka kidogo kidogo kwenye kibubu tangu Januari. Mwenye kujua duka la uhakika Mbeya mjini, Iringa au Njombe wanaouza desktop hizo wakikuachia uiwashe na kuijaribu kabla hujalipa, naomba anielekeze hapo chini, na aniambie na bei.